Vitundu usoni: kabla hujalipia kliniki

Ukipita Sinza au Mikocheni jijini Dar es Salaam, au ukienda Kilimani kule Nairobi, mabango ya kliniki za ngozi na urembo yako kila kona. Kwenye simu ndiyo usiseme. Picha mbili zimewekwa pamoja: kushoto shavu lina vitundu na linang'aa mafuta, kulia shavu lilelile halina kitundu hata kimoja. Chini yake kuna jina la mashine, punguzo la wikiendi na namba ya kulipia.

Wanaovutwa na matangazo hayo siwalaumu. Uso ndio unaomtangulia mtu kwenye usaili wa kazi, harusini na hata sokoni, na vinyweleo vilivyotanuka puani na mashavuni vimewanyima wengi raha kiasi kwamba hawapigi picha mpaka wajipake poda nzito. Ni shida ya kweli na zipo tiba zinazoipunguza. Lakini kwetu sisi wenye ngozi nyeusi, uamuzi wa kwanza si mashine ipi itumike. Ni nani ataishika, na kama ametafuta chanzo cha tatizo kabla ya kuiwasha. Kitundu cha puani mwenzako hakioni mpaka akusogelee. Doa jeusi linaloachwa na tiba iliyokosewa huonekana kutoka ng'ambo ya barabara, na laweza kukaa miezi mingi, wakati mwingine zaidi ya mwaka.

Kinyweleo ni mdomo wa mfereji mdogo ambamo unywele huota na mafuta ya ngozi hutokea. Hutanuka kwa sababu kuu tatu. Kuna wingi wa mafuta, ambao huanza wakati wa balehe kwa msukumo wa homoni na kwa wengine hauishi mpaka utu uzima. Kuna kulegea kwa ngozi inayouzunguka mdomo huo, kwa sababu umri na jua hupunguza kolajeni na elastini zinazoushikilia. Na kuna ukubwa wa mfereji wenyewe, ambao mtu huurithi kwa wazazi wake. Mbali na hayo yapo makovu ya chunusi, vishimo ambavyo watu huvihesabu kuwa vitundu ilhali si vinyweleo, na tiba yake ni nyingine kabisa.

Kinyweleo hakina msuli. Mvuke haukifungui, na barafu haikifungi. Mvuke hulainisha mafuta yaliyoganda, baridi hupunguza uvimbe kwa muda mfupi, basi. Kwa hiyo anayekuahidi kukufungia vitundu moja kwa moja anakuuzia kitu ambacho hakuna daktari anayekiweza. Daktari mkweli atakwambia vitapungua kuonekana, na kwamba utahitaji kuendelea kuitunza ngozi ili visirudi vilivyokuwa.

Chukua kioo cha kukuza, usimame karibu na dirisha mchana, utazame pua yako. Zile nukta za kijivu zilizopangana karibu sawasawa pande zote mbili mara nyingi si uchafu wala chunusi. Ni mafuta na seli zilizokufa zinazopanda kwenye mfereji, jambo la kawaida kwa kila ngozi. Ukiminya kinatoka kijinyuzi chembamba cheupe, na baada ya wiki chache mfereji umejaa tena. Chunusi nyeusi ni kitu kingine: ni kizibo kigumu, kimoja hapa na kingine pale, na weusi wake hautokani na vumbi bali na melanini na mafuta yaliyokutana na hewa. Nalikazia jambo hili kwa sababu ziko saluni zinazotoza pesa kila wiki kwa kuminya vijinyuzi hivyo kwa kucha na vyuma. Kila anapominywa mteja hupata vijeraha, na jeraha dogo kwenye ngozi nyeusi huacha doa.

Daktari anayejua kazi yake mara nyingi hatakupeleka kwenye mashine siku ya kwanza. Ataanza na dawa ya kupaka. Maarufu zaidi ni tretinoini, dawa ya jamii ya vitamini A iliyoidhinishwa Marekani kwa ajili ya chunusi mwaka 1971 baada ya kazi ya Albert Kligman wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Hupakwa usiku, kiasi cha punje moja ya njegere kwa uso mzima, na mgonjwa huanza kwa mara mbili au tatu kwa wiki. Wiki za mwanzo ngozi hukauka, hubanduka na kuwasha, na hapo ndipo wengi hukata tamaa wakaitupa. Matokeo huanza kuonekana baada ya wiki 12 hivi. Mwenye ujauzito, au anayetafuta mtoto, asiiguse bila kuongea na daktari. Kwa mwenye mafuta mengi, asidi ya salisiliki ya asilimia 2 husaidia kwa kuwa huyeyuka ndani ya mafuta, hivyo huingia kwenye mfereji badala ya kubaki juu ya ngozi. Dawa hizi hazina picha za kuvutia za kuweka kwenye tangazo, lakini kwa watu wengi ndizo zinazofanya sehemu kubwa ya kazi, na kwa gharama ndogo kuliko kikao kimoja cha leza.

Zikishindwa, au mtu akitaka kusonga mbele, ndipo tunafika kwenye kliniki.

Huduma ya kwanza ni kubandua ngozi kwa asidi, ambayo wengi huiita piling. Inavyofanyika ikifanywa vizuri ni hivi: uso husafishwa mafuta yote kwa pamba, pembe za macho, mashimo ya pua na pembe za mdomo hupakwa mafuta mazito ili asidi isituame hapo, kisha asidi hupakwa kwa haraka kuanzia kwenye paji la uso. Anayepaka haondoi macho kwenye ngozi wala kwenye saa. Asidi ya glaikoliki haikomi yenyewe, lazima izimwe kwa maji au kwa myeyusho wa magadi kabla haijachimba. Ya salisiliki, kwa kawaida ya asilimia 20 hadi 30, huacha ungaunga mweupe usoni na nguvu yake huisha yenyewe, ndiyo maana madaktari wengi huipendelea kwa ngozi nyeusi yenye mafuta. Mwenye mzio wa aspirini lazima aseme mapema, maana dawa hizo ni ndugu. Piling ya juujuu, ikirudiwa kila baada ya wiki kadhaa, ni hatua ya kwanza nzuri kwa wengi wetu. Piling ya kina kirefu sishauri mtu mweusi aikubali kwa ajili ya vitundu tu. Hatari yake haina uwiano na faida.

Huduma ya pili ni sindano ndogondogo. Katika miaka ya 1990 Desmond Fernandes, daktari wa upasuaji wa Cape Town, Afrika Kusini, alikuwa miongoni mwa waliovumbua kijirola chenye sindano nyembamba kinachotoboa ngozi ili iamke na kujitengenezea kolajeni mpya. Siku hizi kazi hiyo hufanywa zaidi na kalamu ya umeme yenye kichwa cha kutumika mara moja. Kwa kuwa haitumii joto wala mwanga, haihangaishwi sana na rangi ya ngozi, na kwa makovu ya chunusi ni miongoni mwa njia salama tulizonazo. Mwenye tabia ya kuota keloidi, au mwenye ndugu wa damu wanaoota, amweleze daktari kabla ya sindano ya kwanza kuguswa.

Lakini sindano ni damu. Mwaka 2018 maofisa wa afya wa jimbo la New Mexico, Marekani, walianza kuchunguza spa moja ya Albuquerque baada ya mteja wake kugundulika na virusi vya UKIMWI bila kuwa na sababu nyingine iliyojulikana. Alikuwa amefanyiwa huduma ya sindano usoni iliyochanganywa na damu. Wachunguzi walikuta mirija ya damu isiyo na majina ndani ya friji pamoja na chakula, na sindano zisizo na vifungashio kwenye droo. Spa hiyo haikuwa na leseni. Ripoti iliyotolewa mwaka 2024 ilihusisha maambukizi ya wateja kadhaa na huduma hiyo. Haya yalitokea katika nchi yenye wakaguzi wengi kuliko sisi. Basi ukienda kwa sindano, kichwa cha kalamu kifunguliwe mbele ya macho yako, kwenye pakiti yake, na kitupwe mbele ya macho yako. Ukiambiwa kimeshaandaliwa ndani, usilale kwenye kitanda hicho.

Huduma ya tatu ni leza, na hapa ndipo pesa nyingi na maumivu mengi yalipo. Mwaka 2004 Dieter Manstein, Rox Anderson na wenzao huko Boston walichapisha njia ya kuigawa miale ya leza iwe vidoa vidogo sana, ili ngozi iliyo kati ya vidoa ibaki nzima na kuharakisha kupona. Njia hiyo ilibadilisha tiba ya makovu na vitundu. Shida yetu ni melanini. Melanini hufyonza mwanga na kuugeuza joto, kwa hiyo mashine iliyowekwa nguvu ya ngozi nyeupe itaichoma ngozi nyeusi kwa nguvu ileile. Madaktari hutumia kipimo cha Thomas Fitzpatrick wa Harvard, kilichoanza mwaka 1975, kinachogawa ngozi katika ngazi sita. Wengi wetu tuko ngazi ya tano na ya sita. Mashine za mwanga mpana wa kumweka, zile wanazoziita IPL, hazitufai. Leza ya mawimbi ya nanomita 1064 hupenya zaidi bila kunaswa sana na melanini, ndiyo maana inaaminiwa zaidi kwa ngozi nyeusi. Leza ya kugawa miale pia yawezekana, kwa nguvu ndogo na vidoa vilivyoachana, mikononi mwa mtu aliyewahi kutibu ngozi kama yako. Muulize hivyohivyo: nionyeshe picha za wateja wenye rangi yangu, kabla, mwezi mmoja baadaye na miezi sita baadaye, kwenye mwanga uleule. Akikuonyesha sura za Wakorea na Wazungu zilizopakuliwa mtandaoni, umeshajibiwa.

Kuna jambo moja linaloharibu tiba hizi zote nchini mwetu, nalo ni mkorogo, yaani krimu za kuichubua ngozi. Wengi wanaofika kliniki wakilalamikia vitundu wamepaka kwa miaka krimu zenye steroidi, haidrokwinoni au zebaki, ama kwa kujua ama kwa kudanganywa na aliyewachanganyia. Steroidi huifanya ngozi kuwa nyembamba na kuizalishia chunusi, nazo huacha vitundu na makovu. Haidrokwinoni ikitumiwa kiholela kwa muda mrefu huweza kuleta weusi wa kijivu usiotoka, hali ambayo madaktari wa Afrika Kusini waliieleza mwaka 1975. Mtu kama huyo akipelekwa moja kwa moja kwenye asidi au leza, ngozi yake haina kinga. Anayekuhudumia asipokuuliza unapaka nini nyumbani, na wewe ukaona aibu kumwambia, nyote wawili mnacheza na uso wako. Mwambie. Mletee hata kikopo.

Na kinga ya jua si ya Wazungu peke yao. Baada ya tiba yoyote, jua la saa sita ndilo linalopika doa. Pale hospitali ya KCMC, Moshi, Kituo cha Kanda cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi hutengeneza losheni ya kukinga jua iitwayo Kilisun kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino, ambao kwao ni suala la uhai. Kituo hichohicho kimewafundisha wataalamu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika. Nataja hili ili msomaji ajue kwamba ujuzi wa ngozi yetu tunao hapahapa, tena katika hospitali za rufaa. Kabla ya kulipia pakeji ya vikao sita kwenye jengo la vioo, kaonane na daktari bingwa wa ngozi Muhimbili, KCMC, Bugando au Kenyatta. Akuambie kama una vinyweleo vilivyotanuka, makovu au madhara ya krimu. Ushauri huo ndio utakaookoa pesa yako.

Ukishafanya hivyo, omba jina kamili na namba ya usajili ya atakayekuhudumia. Madaktari wa Tanzania Bara husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, wa Kenya na baraza lao la madaktari na madaktari wa meno, na daktari wa kweli hawezi kukasirika kwa swali hilo. Uliza gharama ya tiba nzima, si ya kikao kimoja. Uliza nani utampigia usiku uso ukivimba. Kisha omba ajaribu kwanza sehemu ndogo, nyuma ya sikio au chini ya taya, na akupe wiki kadhaa za kusubiri. Doa likitokea, litokee pale. Kliniki ikikataa kufanya jaribio hilo kwa madai kwamba ofa inaisha leo, chukua mkoba wako uondoke.