Ugonjwa wa Figo Ukikataa Dawa, Tufanye Nini?

Wengi wetu tumemwona mtu akivimba uso na miguu. Majirani wanasema, "Huyu kalogwa." Mara nyingine shida iko kwenye figo. Leo tunaeleza ugonjwa wa lupasi unaoshambulia figo, hasa pale dawa za kwanza zisipomsaidia mgonjwa.

KAZI YA FIGO

Figo ni mbili, ziko mgongoni chini ya mbavu. Kila moja ni kubwa kama ngumi. Ndani yake mna machujio madogo sana, karibu milioni moja. Huchuja damu kama tunavyochuja chai. Uchafu hutoka na mkojo, vitu vyema hubaki mwilini.

ASKARI WANAOPIGA WENYEJI

Miili yetu ina askari wa kupigana na vijidudu. Katika lupasi askari hao hukosea. Ni kama sungusungu wamwache mwizi, wawapige wenye nyumba. Wakishambulia figo, machujio huvimba na kuvuja. Protini hupotea kwenye mkojo. Ndiyo maana mkojo hutoa povu jingi na mwili huvimba. Presha hupanda, na viungo huuma.

Ugonjwa huu huwapata zaidi wanawake walio katika umri wa kuzaa. Hauambukizi, wala si uchawi.

DAWA ZA KWANZA

Dawa hupunguza nguvu za askari hao. Mgonjwa hupewa prednisoloni, pamoja na maikofenoleti au saiklofosfamidi. Hupewa pia haidroksiklorokwini, ndugu yake klorokwini tuliyokuwa tukiimeza kwa malaria. Dawa hizi hazimalizi kazi kwa siku mbili tatu. Daktari hupima mkojo na damu kwa miezi kadhaa, mara nyingi miezi 6 au zaidi, aone kama protini inapungua.

PROTINI ISIPOPUNGUA

Hapo wengi hukata tamaa, eti dawa imeshindwa. Lakini kuna hatua tatu.

Kwanza, je, dawa zimemezwa zote? Nauli ya kwenda Arusha mjini ikikosekana, dawa huisha. Prednisoloni hunenepesha uso, watu wakacheka, mgonjwa akaacha. Mwingine huacha akiona nafuu. Mama, dada, mwambie daktari ukweli. Yeye si hakimu. Usipomwambia, atakuongezea dawa kali bila sababu.

Pili, je, moto bado unawaka? Daktari anaweza kuchukua kinyama kidogo cha figo kwa sindano, kikapimwa kwa hadubini. Kama machujio bado yamevimba, moto unawaka, na dawa zinaweza kuuzima. Kama yamekuwa makovu matupu, ni majivu. Dawa kali haziondoi kovu, zitamuumiza mgonjwa bure.

Tatu, kubadili dawa. Aliyekuwa akitumia maikofenoleti anaweza kupewa saiklofosfamidi, au kinyume chake. Wengine huongezewa takrolimasi. Wengine hupewa rituksimabu kwenye mshipa, nayo huondoa aina moja ya askari wanaoleta fujo. Kwanza hupimwa homa ya ini na kifua kikuu, maana askari wakipungua, magonjwa yaliyolala huamka. Dawa mpya zaidi, belimumabu, iliruhusiwa Marekani kwa lupasi ya figo mwaka 2020. Dawa hizi mpya ni ghali. Ulizia bei na bima mapema.

Mama anayetaka kuzaa aseme mapema. Saiklofosfamidi inaweza kuharibu uzazi, na maikofenoleti hudhuru mimba.

TUSIFANYE HAYA

Sisi wa Arusha tunakumbuka mwaka 2011. Maelfu walikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Babu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Wako walioacha dawa za hospitali. Kumwomba Mungu hakukatazwi. Lakini ukiacha prednisoloni ghafla unaweza kufa, kwa sababu mwili umeshazoea kuitegemea. Pia usinunue daiklofenaki dukani kwa maumivu. Inaumiza figo.

FIGO ZIKISHINDWA KABISA

Hata hapo njia ipo. Damu husafishwa kwa mashine, au mgonjwa hupandikizwa figo ya ndugu. Zamani wagonjwa wetu walipelekwa India. Muhimbili ilipandikiza figo ya kwanza Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata mwaka 2018.

Basi ukiona uvimbe au povu, nenda zahanati au kituo cha afya wapime mkojo na presha. Ikibidi, watakuandikia uende Hospitali ya Mount Meru, na kutoka huko KCMC, Moshi. Kuwahi ndiko kunakookoa figo.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini mkojo hutoa povu?
2. Daktari huuliza nini kabla ya kubadili dawa?
3. Kijijini kwetu tutamsaidiaje mgonjwa asiye na nauli?