Damu isiyokatika baada ya tohara: bingwa aweza kumwona mtoto kutoka mbali

Tohara ya mtoto wa kiume ni siku ya furaha nyumbani. Lakini wapo watoto ambao wakishatahiriwa damu haikatiki, au hukatika kisha huanza tena usiku. Wengine husema mtoto amerogwa, au ngariba ana mkono mbaya. Huenda sababu ni ugonjwa uitwao himofilia.

Mwenye himofilia amepungukiwa na protini inayosaidia damu kuganda. Aina yake kuu humpata takriban mtoto 1 kati ya watoto wa kiume 5,000 wanaozaliwa. Aghalabu hurithiwa kupitia kwa mama, ambaye mwenyewe aweza asiugue. Hata hivyo, kiasi cha theluthi moja ya wagonjwa hawana historia hiyo katika ukoo. Basi mama asilaumiwe.

Kwa kuwa ugonjwa huu ni adimu, daktari aweza kufanya kazi miaka mingi asikutane nao. Mabingwa wako miji mikubwa, kama Muhimbili, Dar es Salaam, penye kliniki ya wagonjwa hawa. Mwaka 1857 Burton na Speke waliondoka pwani mwezi Juni wakafika Kazeh, yaani Tabora, mwezi Novemba. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 safari ilifupika sana. Lakini kwa mtoto wa Sikonge au Urambo anayevuja damu, hata safari ya siku moja ni ndefu.

Je, bingwa hawezi kumwona bila mtoto kusafiri? Hapa nchini ipo huduma ya tiba mtandao, ambapo daktari wa mkoani hutuma picha na majibu ya vipimo kwa bingwa aliye mbali. Nchini Ghana, katika miaka ya 2020, madaktari na wenzao wa Glasgow, Uingereza, wamejaribu zaidi ya hapo kwa wagonjwa wa upasuaji wa kurekebisha viungo. Kamera kadhaa humzunguka mgonjwa, kompyuta huunganisha picha zikawa umbo lake kamili, na daktari wa mbali huligeuza amtazame kila upande. Ni kuona kitu kilicho mbali kana kwamba kiko mbele yako. Kwa njia hiyo bingwa angeweza kuona goti lililovimba na jinsi mtoto anavyotembea.

Lakini kumbuka, picha haipimi damu. Himofilia huthibitishwa maabara, na tiba yake kuu ni kudungwa mshipani protini iliyopungua. Kwa hiyo mzazi zingatia haya:

1. Kabla ya tohara, mweleze mhudumu kama mtoto, kaka zake au wajomba zake waliwahi kutoka damu nyingi.

2. Ukishuku tatizo hili, tohara ingoje vipimo. Mwenye himofilia hutahiriwa hospitalini, dawa ikiwa tayari.

3. Usimpe aspirini wala ibuprofeni. Asichomwe sindano ya msuli kabla daktari hajajua hali yake.

4. Damu ikitoka, kandamiza kwa kitambaa safi na uwahi hospitali. Usiweke majivu.

5. Andika daftarini tarehe za kuvuja damu, na piga picha za uvimbe. Mpe daktari wa Kitete, Nkinga au hospitali iliyo karibu, na umwombe awasiliane na bingwa.

Daftari hilo ndilo litakalomwezesha bingwa wa mbali kumjua mwanao, inshaallah.