Kupima Ukinzani wa Mishipa Midogo ya Moyo

Mwanafunzi wa fizikia ajua kwamba ukinzani wa waya hupatikana kwa kugawanya volteji kwa mkondo. Damu nayo hufuata kanuni iliyo sawa na hiyo: shinikizo ligawanywe kwa kiasi cha damu kipitacho kila dakika. Katika miaka ya 1840 daktari Mfaransa, Poiseuille, alionyesha kuwa mtiririko katika mrija mwembamba hufuata kipeo cha nne cha kipenyo chake. Kipenyo kikipungua kwa nusu, ukinzani huongezeka mara 16.

Mishipa midogo ya moyo, ambayo kipenyo chake hakifiki nusu milimita, haionekani katika picha za eksirei. Kwa hiyo mgonjwa mwenye maumivu ya kifua aweza kuambiwa kuwa ateri zake ni safi, kumbe ugonjwa umo katika mishipa hiyo isiyoonekana. Hapana budi ipimwe.

Daktari hupitisha waya mwembamba ndani ya ateri ya moyo, na aghalabu humpa mgonjwa adenosini, dawa ipanuayo mishipa midogo. Ncha ya waya hupima shinikizo. Njia zote tatu zifuatazo zalingana katika jambo hilo. Zatofautiana katika kuujua mtiririko.

Njia ya kwanza ni ya Dopla. Mawimbi ya sauti hugonga chembe nyekundu na kurudi yakiwa yamebadilika marudio, nayo hutupa kasi ya damu. Lakini kasi si kiasi, na ncha ya waya isipoelekea vema mawimbi hayasomeki.

Njia ya pili ilielezwa mwaka 2003. Mililita 3 za maji ya chumvi yenye joto la chumbani husukumwa mara tatu, na wakati wa wastani wa kufika kwenye ncha ya waya huzidishwa kwa shinikizo. Mathalani, shinikizo la milimita 80 za zebaki na wakati wa sekunde 0.25 hutoa 20, sekunde 0.5 hutoa 40. Kwa kawaida 25 au zaidi huhesabiwa kuwa dalili ya ugonjwa. Hata hivyo, wakati hutegemea pia ujazo wa ateri yenyewe, na mkono wa msukumaji.

Katika njia ya tatu maji hutiririshwa mfululizo na mashine, yapata mililita 20 kwa dakika. Kutokana na kushuka kwa joto la mchanganyiko hukokotolewa mililita halisi za damu kwa dakika. Mkono wa daktari hauna athari, bali yahitajika katheta maalumu. Tena, ateri ilishayo sehemu ndogo ya moyo huonyesha ukinzani mkubwa, hata ikiwa nzima.

Mwalimu na awaulize wanafunzi vizio vya kila jibu. Wataona kwamba la tatu pekee ndilo shinikizo lililogawanywa kwa mtiririko. Mengine mawili ni viwakilishi tu. Ndiyo maana tarakimu za njia moja hazifai kulinganishwa na za nyingine, na mgonjwa mmoja aweza kuonekana mzima kwa njia hii na mgonjwa kwa ile.