Ndizi zetu, epo zao: Nchi ndogo inavyombana jirani mkubwa

Pita kwenye meza za matunda Kinyerezi jioni. Epo zimepangwa, zinang'aa. Nyingi ya epo zinazouzwa Dar zinatoka Afrika Kusini. Ndizi zetu je? Kwa miaka mingi zilikuwa haziruhusiwi kuingia kwao.

Aprili 2025, Tanzania ikasema sasa basi.

Ilikuwaje?

Machi 2025 Malawi ilizuia baadhi ya bidhaa kutoka nje, zikiwemo mchele, unga wa mahindi, tangawizi na ndizi. Ilisema inalinda wazalishaji wake. Wafanyabiashara wetu wanaouza upande ule wakaumia.

Aprili 17, Hussein Bashe, Waziri wa Kilimo wakati huo, akatoa onyo: hadi Aprili 23 kama hakuna mabadiliko, mazao ya Malawi na Afrika Kusini hayaingii Tanzania. Siku ikafika, kimya. Zuio likaanza. Siku chache baadaye likaondolewa, kwa sababu pande zote zilikubali kuzungumza.

Sasa, mdogo anambanaje mkubwa? Kuna njia nne.

1. Jua anachohitaji kwako
Uchumi wa Afrika Kusini ni mkubwa kuliko wetu mara kadhaa. Lakini mkulima wake wa epo anahitaji mnunuzi. Soko likifungwa, yeye ndiye anaipigia kelele serikali yake. Huna haja ya kumzidi nguvu, unahitaji tu kitu kimoja ambacho hataki kukikosa.

2. Weka tarehe
Malalamiko yasiyo na tarehe yanaweza kukaa mezani miaka. Onyo lenye siku ya mwisho linamlazimisha mwenzako ajibu.

3. Hamishia ugomvi kwenye vipimo
Machi 5, 2021, Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda ikidai yana sumukuvu. Siku tano baadaye ikafungua mpaka kwa masharti: wafanyabiashara wasajiliwe, na mzigo uwe na cheti kwamba sumu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Masharti yanachosha, ndiyo. Ila ukishapewa namba, una pa kusimama. Ukipima na ukafaulu, hawezi kukukatalia kirahisi.

4. Acha mlango wazi
Januari 2024 Tanzania ilitangaza kusitisha safari za abiria za Kenya Airways kati ya Nairobi na Dar kuanzia Januari 22, baada ya Kenya kuinyima Air Tanzania kibali cha safari za mizigo. Suala likamalizwa kwa mazungumzo kabla hata ya tarehe hiyo. Lengo halikuwa kuzima ndege, lilikuwa kupata kibali.

Lakini na sisi tujiangalie

Kwa Afrika Kusini, sisi ndio wadogo. Kwa Malawi, mkubwa ni sisi. Malawi haina bahari, na sehemu ya mizigo yake inapita bandari ya Dar. Ukimbana jirani wa namna hiyo, anayeumia haraka ni mwananchi wa kawaida, na kesho atatafuta njia nyingine kupitia Msumbiji. Tukifanya hivyo, na sisi tumepoteza mteja.

Halafu kuna huyu wa Kinyerezi. Zuio la epo likidumu, meza yake inapungua mzigo na bei inapanda. Yeye hakugombana na mtu. Ndiyo maana zuio la siku chache linaweza kuwa na maana, lakini likienda miezi, linageuka adhabu kwa watu wetu wenyewe.

Kwa hiyo ukisikia tena nchi imefunga mpaka, usiishie kuuliza nani mbabe. Uliza: wanadai nini hasa, mwisho lini, na meza ya mazungumzo iko wapi? Kama hakuna majibu, jiandae, gharama itakufuata hadi sokoni.