Mwulizeni Ajenti: Bima Zake Hudumu Miaka Mingapi?

Ndugu wanavikundi, ajenti wa bima ya maisha akija kwa mkutano wenu, msimwulize ameandikisha watu wangapi. Mwulizeni wale wa miaka 5 iliyopita, ni wangapi bado wanalipa?

Kuandikisha watu kunalipa haraka, maana kamisheni kubwa hutoka mwaka wa kwanza. Kazi ni kuwatunza baadaye. Tulimwona mama mmoja mkulima wa chai, amewekewa malipo makubwa ya kila mwezi, na pesa yake ya maana ni bonasi, ambayo huja mara moja kwa mwaka. Mwaka wa pili akashindwa, na hakuna aliyefika kumwuliza kuna nini. Bima ikafa. Na bima kama hiyo ikikatika kabla ya miaka 3, kwa kawaida hurudishiwi kitu. Wengine walimcheka mama eti hana bidii! Sisi tunasema hakuhudumiwa.

Ajenti mzuri huuliza mapema pesa zenu huingia lini. Malipo yakichelewa, anafika kabla siku za nyongeza, mara nyingi 30, hazijaisha, na kuwaeleza kama mnaweza kulipa kwa mwaka au kupunguza kiwango. Hata jina la mrithi anakumbusha libadilishwe, mrithi akifariki.

Basi kabla ya kutia sahihi, mwulizeni atarudi lini.