Kipupwe Kikiingia, Kobe Anangoja Jua

Julai, saa moja asubuhi, kusi inavuma Bagamoyo na wavuvi ufukweni wamevaa makoti. Uani, kobe amejikunyata kwenye shina la mwembe, kichwa kimezama ndani. Mguse gamba: baridi kama jiwe la kisimani. Usidhani anakufa.

Sisi chakula hutupasha joto kutoka ndani. Kobe hupata joto mahali alipo. Jua likishafika ukutani hujikokota kulifuata, akaupa mwanga ubavu, kisha akanyoosha shingo na miguu yote minne kama nguo iliyoanikwa. Gamba lile ni mfupa wake mwenyewe. Mbavu na uti wa mgongo vimeungana nalo, damu hupita humo, na ukilipapasa anahisi.

Wapo waliosikia kwamba kobe hulala miezi yote ya baridi, wakamfungia stoo. Wanaolala hivyo ni kobe wa nchi kama za Ulaya. Kobe wetu mwenye madoa ya chui hana usingizi huo, wala yule wa misitu ya pwani ambaye gamba lake la nyuma lina bawaba, akishtuka hulifunga kulinda miguu. Hapa mchana wa kipupwe bado ni joto. Kinachomuumiza ni unyevu na kushinda kivulini. Tumbo likipoa, chakula hakisagiki. Kwa hiyo mlishe saa nne, akishaota jua: nyasi, matembele, mpungate uliotolewa miiba. Wali na ugali si chakula chake.

Mtazame pua kila siku. Kobe hana kiwambo kama chetu cha kusukumia pumzi, hawezi kukohoa sawasawa, kwa hiyo ute ukishuka mapafuni hukaa huko. Ukiona mapovu puani, au anapumua mdomo wazi, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Na usimnyanyue ovyo: akishtuka hukojoa, na kibofu ndiyo ghala lake la maji.

Banda lielekee mashariki, liezekwe makuti, chini kuwe na nyasi kavu nyingi. Saruji tupu humnyonya joto usiku kucha.

Haya ni kwa mwenye kibali. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inakitaka, na ukimkuta kobe anakatiza barabara ya Msata, mwache aende zake.

Ng'ambo ya maji, kisiwani Changuu, wapo kobe wakubwa wa asili ya Aldabra. Wanne wa kwanza waliletwa mwaka 1919, zawadi ya gavana Mwingereza wa Shelisheli. Kwa zaidi ya miaka 100 wamepita kila kipupwe bila taa wala blanketi. Wezi ndio waliowapunguza, hata ikabidi wajengewe uzio. Leo umri wa wazee wao umeandikwa kwa rangi mgongoni, na asubuhi ya kusi utawakuta wametulia vilevile, shingo ndani, mpaka jua lipande.