Kiungio cha gesi kwenye regyuleta ya bia kimeganda? Usianze na nguvu

Una friji ya bia nyumbani, ile yenye pipa ndani na bomba la kumiminia juu. Siku moja unataka kubadilisha mpira wa gesi. Unashika spana, unazungusha. Wapi! Nati haisogei. Unachomeka kipande cha bomba kwenye mpini wa spana ili upate nguvu zaidi.

Simama hapo hapo. Ndivyo regyuleta nyingi zinavyovunjwa, na ndivyo watu wanavyoumia. Kabla ya kuongeza nguvu, jiulize maswali mawili: gesi imeisha ndani? Na nati hii inafunguka upande gani?

Gesi itoke kwanza

Gesi inayosukuma bia ni kaboni dayoksaidi, ile ile ya kwenye soda. Bia inahitaji mgandamizo mdogo tu, kama psi 10 hadi 14. Lakini ndani ya mtungi mambo ni mengine. Kwenye nyuzijoto 21 mgandamizo unazidi psi 800, na joto likifika nyuzi 30 unapita psi 1,000. Tairi la gari dogo lina psi 30 na kitu tu. Piga hesabu mwenyewe.

Kwa hiyo fanya hivi:

1. Funga vali ya mtungi kabisa.
2. Usilegeze bado skrubu ya kurekebishia mgandamizo. Vuta pete ya vali ya usalama, gesi iliyobaki itoke.
3. Subiri geji zote zisome sifuri, kisha legeza skrubu.
4. Fungua polepole nati kubwa inayoshika mtungi. Ukisikia "sss" isiyoisha, acha. Geji nayo inaweza kuharibika ikadanganya.

Regyuleta ikishatoka kwenye mtungi, ipeleke mezani. Usipambane na nati iliyoganda huku mtungi umejaa pembeni yako.

Kwa nini inaganda?

Sababu ni za kawaida. Kuna aliyeikaza kupita kiasi. Kuna gundi au tepu ya mabomba iliyokauka kwenye nyuzi za nati. Kuna metali mbili tofauti zilizokaa pamoja kwenye unyevu wa friji zikashika kutu.

Na kuna hii ambayo wengi hawaifikirii: bia yenyewe. Mgandamizo ukishuka upande wa gesi, bia inaweza kurudi nyuma kupitia mpira hadi kwenye regyuleta. Ikikauka huko, sukari yake inashika kama gundi.

Upande gani?

Hapa ndipo penye mtego. Mitungi ya gesi zinazowaka mara nyingi ina nyuzi za kinyume, yaani unafungua kwa kuzungusha kama mshale wa saa unavyokwenda. Kaboni dayoksaidi haiwaki, kwa hiyo nati ya mtungi wake ni ya kawaida: inafunguka kinyume cha mshale wa saa.

Lakini regyuleta yenyewe inaweza kuwa na zote mbili! Baadhi ya regyuleta za bia zinazotumika Marekani zina nyuzi za kinyume kwenye geji ya mgandamizo mkubwa na kwenye kipande kinachoingia mtungini, ilhali upande wa kutolea gesi ni wa kawaida. Anayedhani anafungua, kumbe anakaza. Angalia alama: mikwaruzo midogo iliyokatwa kwenye pembe za nati, au herufi "L", mara nyingi humaanisha kinyume. Kama huna uhakika, tafuta mchoro wa mtengenezaji kabla ya kugusa.

Namna ya kuilegeza

Bana mwili wa regyuleta kwenye jiliwa, ukiweka vipande vya mbao au kitambaa kinene ili usiuchubue. Huna jiliwa? Tumia spana mbili, moja ishike mwili, nyingine izungushe nati. Chagua spana inayoenea sawasawa. Ile ya kurekebisha, ambayo mafundi huiita spana malaya, ikilegea kidogo tu inakula pembe za nati.

Bado imegoma? Funika kiungio kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya moto kwa dakika kadhaa, kisha jaribu tena. Joto hilo hulainisha sukari ya bia na gundi. Usitumie moto wa gesi wala kiberiti, maana ndani kuna mpira mwembamba na sili zitakazoungua. Mafuta ya kulegeza kutu nayo yasiingie ndani: yanaweza kuharibu mpira na kuacha harufu kwenye bia.

Kama kilichoganda ni mpira wa gesi, usiuvute kwa hasira. Uchane kwa wembe kwa urefu, taratibu, bila kukwaruza chuma cha chini. Mkwaruzo mmoja unatosha kuvujisha gesi.

Pembe za nati zikishaisha au ukaona ufa, achana nayo. Nunua nyingine.

Unapofunga upya

Nyuzi zinazopungua upana kuelekea mwisho hufungwa kwa tepu nyeupe ya mabomba. Viungio vinavyokutana chuma kwa chuma kwa mdomo wa mteremko havihitaji tepu. Kwenye mtungi pia usiweke tepu, weka wosha mpya, isipokuwa regyuleta yako ina sili ya kudumu. Vali ndogo inayozuia bia isirudi nyuma usiiache nje.

Kisha fungua gesi, pakaa maji ya sabuni kila kiungio. Mapovu yakitokea, funga gesi, urekebishe.

Usidharau povu dogo

Mtungi mdogo wa kilo 2.3, ukivuja wote, unatoa takriban mita 1.2 za ujazo za gesi. Kwenye chumba kilichofungwa cha mita 3 kwa 3, chenye dari ya mita 2.5, hiyo ni zaidi ya asilimia 5 ya hewa. Nchini Marekani, asilimia 4 tayari huhesabiwa kuwa hatari kwa uhai.

Gesi hii haina rangi, na ni nzito kuliko hewa, hivyo hutulia chini, walipo watoto na aliyelala sakafuni. Ukisikia kichwa kinauma au kizunguzungu karibu na friji ya bia, usianze kutafuta panapovuja. Toka nje na wenzako kwanza, milango ikiwa wazi.